Kitufe cha Sauti ya Pili

Februari 3

Wifi yangu,

Salamu nitakupa mwishoni, maana leo nina jambo, na nikianza na habari za watoto litaniponyoka. Umesema tuandikiane badala ya kupigiana simu, eti mtandao wa huko kiwandani ni wa kubahatisha. Sawa. Barua pepe inaingia lakini simu haiingii, basi mtandao wenu una upendeleo. Ila hii isome ukiwa umekaa.

Natengeneza programu ya simu.

Usicheke. Kaka yako ameshacheka kwa niaba ya ukoo wenu mzima. Akaniuliza, "Wewe ambaye tochi ya simu hujui kuizima mpaka uifunike kwa kanga?" Nikamjibu ndiyo, mimi huyohuyo, na wewe mume wangu ndiye utakayeimba besi humo ndani, kwa hiyo anza kunywa maji.

Unajua kwaya yetu ilivyo tangu uhame. Muuguzi yuko zamu, dereva wa lori yuko njiani, mshonaji ana magauni ya maharusi mwaka mzima. Jumamosi nikipata nusu ya watu nashukuru. Waliokosa nawatumia sauti zao kwenye kundi la simu, na humo zinazama chini ya picha za maua na habari za asubuhi. Juma lililopita besi wote walikuja wameshika barabara kabisa sauti ya kwanza, tena ya wimbo mwingine. Wanaume wazima na ndevu zao, wifi, wanalia kule juu kwa bidii. Nilishindwa kuwakatiza, nikawaacha wamalize.

Basi juzi niko mapokezi, daktari yuko ndani anang'oa jino la mtu, nikachukua boksi la glavu nikalipasua, nikachora simu. Juu jina la wimbo. Chini vitufe vinne: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Unabonyeza yako, unaisikia peke yake, unaimba nayo jikoni, garini, popote ulipo. Kitufe cha kurudia nimekifanya kikubwa kama kisosi kwa ajili ya vidole vya dereva. Jina lake Shika Sauti.

Najua kuchora boksi na kutengeneza programu ni mbingu na ardhi. Kwa hiyo nimepata fundi. Ni dada mmoja aliyekuja kuziba jino, kazi yake ni kuandika programu za maghala na maduka. Nilimweleza akiwa na pamba mdomoni, hakuweza kukataa.

Mwezi wa Mei kwaya nne zinakuja kuimba nasi ukumbini, na siku hiyo ndiyo nataka kuizindua. Sasa sikiliza. Sauti ya pili ni yako. Tangu uondoke hawa wa sauti ya pili wanaelea tu, kila mmoja anamsikiliza mwenzake na hakuna anayejua. Nirekodie, wifi. Nikiwa na wewe humo ndani, hata ukiwa mbali hawatapotea.

Sisi wazima, watoto wanakusalimu.

Wifi yako wa Mapokezi


Februari 9

Wifi wa Mapokezi,

Nimesoma nimekaa kama ulivyoamuru, juu ya kreti, nikacheka mpaka msimamizi akaja kuangalia kama nimepasua kitu. Kaka yangu mwache aseme. Mwanamume aliyesoma kitabu cha maelekezo ya pasi kisha akaunguza shati la bosi wake hana la kumwambia mtu.

Wazo lako nimelipenda, na nasema hivyo nikiwa na akili timamu. Lakini kazi yangu unaijua: siku nzima nainua chupa kwenye mwanga natafuta ufa. Basi niruhusu nitafute kwenye boksi lako. Mtu akifungua mara ya kwanza, asiyejua yeye ni sauti ya ngapi atafanyaje? Dereva akiwa porini bila mtandao, wimbo utalia? Na nani atakuwa anaingiza nyimbo mpya, wewe au Fundi? Maana kama ni Fundi kila mara, siku akihama umebaki na boksi.

La mwisho. Usijaribu michoro yako kwa watu unaoweza kuwaeleza. Nakujua, utasimama pembeni unasema "bonyeza hapo, hapana hapo, hapo chini." Hiyo haitakuwa programu, itakuwa wewe. Tafuta watu ambao hawawezi kukuuliza swali.

Kuhusu kurekodi, nitarekodi. Ila koo limechoka kidogo, humu tunasemezana kwa kupiga kelele kushinda mashine. Nipe anwani ya Fundi nimuulize mwenyewe anatakaje.

Nimefurahi, wifi. Muda mrefu sijafurahi hivi.

Wifi yako wa Chupa


Februari 12

Kwako Fundi wa programu,

Hunijui. Mimi ni wifi yake mwalimu wa kwaya, yule wa mapokezi aliyekushika ukiwa na pamba mdomoni. Mume wake ni kaka yangu.

Nitakwenda moja kwa moja. Nina uvimbe kwenye tezi ya shingo. Si wa kuniua, daktari amenihakikishia na vipimo nimeviona. Lakini lazima utolewe, mwezi wa Aprili, na mshipa wa fahamu unaoendesha sauti umepita hapohapo. Daktari hakunizungusha: sauti inaweza kurudi ileile, inaweza kurudi nyingine, na inaweza isirudi ya kuimbia. Tayari inakwaruza. Nimeimba sauti ya pili tangu nina meno ya utoto, na hakuna kitu kingine nikifanyacho kwa raha kama hicho. Naogopa, Fundi. Nakwambia wewe kwa sababu hunijui.

Kwa hiyo nataka sauti yangu iwemo kwenye programu hiyo kabla hawajanigusa. Niambie nianze na nini, na nirekodi vipi ili mtu asisikie ugonjwa.

Wifi hajui, na naomba asijue mpaka kazi isimame. Namjua vizuri. Akisikia, boksi atalitupa, kwaya ataifunga, atakuja kukaa pembeni yangu kunimenyea machungwa. Ndiyo maana nimemwambia tuandikiane. Huyo anafundisha kwaya. Akinisikia kwenye simu, neno moja tu amekwisha jua.

Ni mimi,
Wifi wa Chupa


Februari 13

Dada,

Mimi huandika kwa ufupi, usidhani nimekasirika.

Siri ni yako, sitaitoa. Ila akiniuliza uso kwa uso sitadanganya. Nitamwambia akuulize wewe.

Kurekodi: ingia ndani ya kabati la nguo, nguo zinameza mwangwi. Simu iweke juu ya sweta, karibu na mdomo kiasi cha kiganja. Sikiliza wimbo kwa sikio moja, imba, usikate vipande. Imba asubuhi, kabla hujaongea na mtu kazini. Mkwaruzo mdogo hausumbui. Ninasikiliza sauti za watu wengi kwa kazi hii sasa, na hakuna koo lisilo na kelele zake.

Wifi yako anataka nyimbo zote za kwaya ziingie toleo la kwanza, pamoja na kamusi ya nota, picha za wanakwaya, tarehe za kuzaliwa, na ukurasa wa kuombana msamaha kwa kuchelewa. Nimemwambia nyimbo tatu na vitufe vinne, basi. Amenuna. Nilikuwa nimeshaamua hivyo kabla ya barua yako, lakini sasa sitarudi nyuma hata akilia. Nyimbo tatu utazimudu.

Anza na ule mrefu. Tukikosa nyingine, huo tuwe nao.

Mimi siimbi. Jino limepona.

Fundi


Machi 8

Wifi yangu,

Kaa tena.

Ule ushauri wako wa watu wasioweza kuuliza swali niliutafakari nikiwa hapahapa mezani, na mbele yangu wamekaa wanne wanasubiri ganzi ishike. Midomo imelala upande, hawawezi kusema hata "shikamoo". Wifi, hao ndio wajaribuji wangu. Nawapa boksi, nawaambia, "Hii ni simu, tafuta wimbo." Kisha nafunga mdomo, na unajua inavyonigharimu. Wanabonyeza kwa kidole, mimi nabadilisha boksi kwa mkono kama mtu anayechezesha karata, hii skrini ya kwanza, hii ya pili. Bibi mmoja alibonyeza jina la programu pale juu mpaka kidole kikachoka, wala vitufe vya sauti havioni. Nikajua vimekaa vibaya. Nimevipandisha. Mwalimu wa hesabu alipita skrini zote bila kukwama, akajaribu kunipongeza, mate yakamtoka kwenye boksi. Nimelitunza.

Na lile swali lako la asiyejua sauti yake limepata dawa. Programu inampigia mstari mmoja kwa sauti zote nne, inamwambia, "Imba ile isiyokuumiza." Maneno hayo ni yangu. Fundi alitaka kuandika "chagua kiwango chako". Nikamwambia hapa si kwenye pampu ya maji.

Huyo Fundi, wifi, nampenda na nataka kumnyonga. Kamusi ya nota kakata. Picha kakata. Kila nikisema "tuongeze", anasema "toleo la pili", kwa sauti ileile, kama mlango unaofungwa polepole. Nilimwuliza kama toleo la pili ni mahali au ni ugonjwa. Hakucheka. Lakini jana alinipa simu yake, nikabonyeza kitufe cha sauti ya nne, na kaka yako akaimba. Kwenye simu, kwa kubonyeza kitu nilichokichora mimi kwenye boksi la glavu. Nimeruka pale mapokezi mpaka daktari akatoka na koleo mkononi.

Kisha nikabonyeza sauti ya pili.

Nilifunga mlango wa stoo nikakaa kati ya maboksi ya dawa ya meno nikakusikiliza ule wimbo mrefu mpaka mwisho. Umeimba vizuri, wewe mwanamke, sijui nikuambieje. Imeshuka kidogo chini, nadhani simu yako haina sauti nzuri. Nimekukumbuka sana.

Wifi yako wa Mapokezi


Machi 15

Wifi,

Ndiyo, simu yangu ni ya zamani, nayo inakaa ndani ya kabati na masweta. Unategemea nini?

Hao wagonjwa wa ganzi wamenimaliza. Nimewasimulia wenzangu hapa kazini, sasa kila asubuhi wananiuliza programu ya wifi imefika wapi. Mwenzangu wa zamu, anayeimba kama mlango wa ghala, ameapa ataipakua siku ya kwanza. Nyimbo mbili zilizobaki nimemtumia Fundi jana. Kwa hiyo upande wangu umekamilika, na mwambie kaka yangu kwamba mimi nimemaliza na yeye bado wimbo mmoja.

Wewe endelea kugombana na Fundi. Anakufaa.

Katikati ya Aprili nachukua likizo. Kuna mahali nakwenda, huenda nisijibu kwa siku kadhaa. Usianze kunitafuta kwa polisi.

Wifi wa Chupa


Aprili 12

Wifi yangu, nina mambo mawili, na moja linakuhusu vibaya.

La kwanza: duka la programu lilitukataa. Ndiyo. Tulipeleka, wakaturudishia, eti hatujaeleza tutafanya nini na habari za watu. Habari gani? Sisi tunajua tu mtu ni sauti ya ngapi. Fundi akaniambia basi liandike hivyo. Nikaandika: "Tunajua sauti yako. Hatumwambii mtu." Akalitengeneza likawa la kiofisi, tukarudisha, likapita. Wanakwaya kumi wameshaiweka kwenye simu kwa majaribio, na dereva ameniandikia kutoka njiani kwamba ameimba tangu anapakia mpaka anapakua mzigo.

La pili. Jumamosi tumefanya mazoezi, na kwa mara ya kwanza tangu uhame sauti ya pili wote wamesimama imara. Nimepunga mkono nikiwa na raha zangu. Tukafika ule mstari mrefu wa katikati, ule usio na pa kupumulia, na wifi, wote wa sauti ya pili wakanyamaza. Kwa pamoja. Katikati ya neno. Wakameza mate, shingo zote zikapanda na kushuka mara moja, kisha wakaendelea kama hakuna kilichotokea.

Nikadhani ni bahati mbaya. Nikarudia. Wakameza tena. Nikamwuliza muuguzi, "Mmekubaliana?" Akanishangaa: "Si ndivyo wimbo ulivyo? Ndivyo dada anavyoimba." Tukafungua programu. Ni wewe. Umemeza, wifi, nami kule stoo nilikuwa nalia sikuusikia, na kwaya nzima ya sauti ya pili imekushika mpaka mmezo.

Tulicheka mpaka mshonaji akakaa chini sakafuni. Nikamwambia Fundi akate hicho kipande. Akaanza kukunja nyaya zake. Nikamwuliza, "Wifi yangu alikuwa anakula nini?" Akasema, "Muulize mwenyewe." Yule mtu hajui kuficha, masikio yalimbadilika rangi.

Basi nimekaa nikajumlisha. Hutaki simu. Sauti imeshuka na imelainika. Unameza mate katikati ya wimbo kama mtu mwenye fundo la furaha kooni. Una likizo ya kwenda "mahali". Na Fundi anajua lakini mimi sijui. Kaka yako nilipomweleza akasema, "Dada ana mchumba." Nami naona hivyo. Lisemwalo lipo. Nimekwisha anza kufikiria nguo nitakayovaa, na kwaya itaimba, na huyo bwana tutamjaribu kwanza tujue ni sauti ya ngapi, maana tuna upungufu wa sauti ya tatu.

Niambie. Mimi ni wifi yako, nina haki ya kujua kabla ya majirani.

Wa Mapokezi


Aprili 15

Wifi yangu,

Nimesoma barua yako mara nyingi nikatamani iwe kweli. Ningekuwa na mchumba ningemtuma kwako akiwa na pamba mdomoni.

Sina mchumba. Nina uvimbe kwenye tezi ya shingo, na keshokutwa wanautoa. Si ule unaouogopa. Hilo limepimwa likapimwa tena. Kinachoogopwa ni sauti. Uvimbe umekaa karibu na mshipa wa sauti, na nikizinduka huenda nisiimbe tena. Ule mmezo ni uvimbe huo wenyewe: mstari ule mrefu sikuumudu. Nilijaribu kabatini asubuhi nyingi, kila nikifika pale koo linafunga. Nikaona bora umezwe kuliko ukosekane.

Fundi alijua kwa sababu nilimwambia. Usimgombeze. Ameshika siri yangu kama alivyoshika nyimbo tatu.

Nilikuficha kwa sababu nilitaka umalize. Nilijua ukisikia utaacha kila kitu. Na mimi, wifi, kilichokuwa kinaniamsha asubuhi miezi hii ni kungoja barua zako, boksi limefika wapi, bibi kabonyeza nini, Fundi kakata nini. Ningekwambia, ungeniandikia pole. Pole ninazo za kutosha huku.

Kile kipande mwambie akikate. Sitaki watu wazima wameze mate kwa sababu ya tezi yangu.

Uzinduzi usiahirishe. Nikisikia umeahirisha, sitakusamehe, na unajua sisi wa ukoo huu tulivyo na kumbukumbu.

Wifi wa Chupa


Aprili 15, jioni

Wewe mwanamke,

Methali ya mficha maradhi siitaji leo, maana inaishia pabaya. Nimekasirika na wewe, na nimelia mapokezi mbele ya watu wakadhani nimeng'olewa. Mchumba! Mimi nakuandikia habari za mchumba, na wewe unasubiri kisu.

Nakuja na basi la kesho asubuhi. Kaka yako anakuja naye, analia kuliko mimi, usimwambie nimekwambia. Machungwa nakuja nayo, na utayala. Kwaya sifungi. Nimemwachia muuguzi Jumamosi hii. Fundi nimemwomba radhi kwa kumdhania vibaya alipokataa kunijibu, naye amesema "toleo la pili".

Uzinduzi uko palepale.

Wifi yako


Mei 10

Wifi yangu,

Nakuandikia ukiwa kwako na amri ya daktari ya kutotoa sauti, kwa hiyo leo mimi ndiye nitakayesema yote, jambo ambalo halijawahi kutusumbua. Tangu nikuache pale kitandani na bandeji yako, unanijibu kwa kuandika kwenye kadi za miadi za kliniki nilizokuja nazo, sijatulia. Nisamehe kwa kuongea mno. Ulikuwa huwezi kunikatiza, nikajisahau.

Tumezindua, wifi.

Ukumbi ulijaa mpaka kwaya ya pili ikasimama kwenye ngazi. Nilikuwa nimeandika hotuba, nikapanda, nikaisahau yote, nikasema, "Toeni simu." Wakatoa, watu wale wote, wakaanza kupakua kwa wakati mmoja, na mtandao ukafa papo hapo. Wananitazama. Nikaona naumbuka mbele ya kwaya nne na daktari wangu wa meno. Nikamtafuta Fundi kwa macho, kumbe kashaweka meza mlangoni, ana kompyuta na nyaya zake, akasema kwa ile sauti yake ya mlango, "Njoeni kwa mstari." Akawawekea mmoja mmoja, simu moja ikaipa nyingine, na wenye vidole vyepesi wakawasaidia wazee. Ilichukua muda. Hakuna aliyeondoka. Kila aliyemaliza alikwenda pembeni akabonyeza sauti yake, na taratibu, wifi, kila kona ya ukumbi ikaanza kuimba, wengine mwanzo, wengine katikati, hawajuani. Nilisimama pale jukwaani mikono chini sina la kufanya. Furaha ile siwezi kuiandika.

Kisha nikawakusanya tukaimba ule mrefu, kwaya tano.

Sasa kuhusu kipande chako. Fundi alikuwa amekikata, mshono hausikiki kabisa. Mazoezini, kabla ya siku hiyo, nikawasikiliza sauti ya pili wakiimba mstari ule mzima bila kumeza, nikawaona macho yanavyowatoka. Mshonaji alikuwa anakaribia kuanguka. Wimbo huo niliutunga mimi, na siku zote niliona sifa kwamba hauna pa kupumulia. Nikamwambia Fundi arudishe kama ulivyokuwa. Nikabadilisha wimbo, na zile sauti tatu nyingine tukazirekodi upya. Sasa sauti zote nne zinanyamaza pale ulipomeza, zinavuta pumzi, zinaendelea. Besi waliniambia wamekuwa wakiiba pumzi hapohapo kwa siri. Ukumbi ulipofika pale, watu wale wote wakanyamaza kidogo tu, nami nikakuona wewe kabatini na masweta yako. Sikulia, maana nilikuwa napunga mikono.

Mwalimu wa kwaya ya kaskazini ya mji alinifuata baadaye, akaniuliza, "Huyu wa sauti ya pili ni nani, na amesimama wapi? Sijamwona." Nikamwambia leo amepumzika.

Programu imekwishasambaa kwa watu nisiowajua. Kaka yako ameipa nyota tatu kati ya tano, eti besi anakoroma. Besi ni yeye.

Sikuulizi sauti imefikia wapi. Utaniambia ukitaka.

Wifi yako wa Mapokezi


Juni 21

Wifi,

Bandeji ilishatoka, kovu ni dogo, linafanana na mkunjo wa kawaida. Daktari aliniruhusu kunong'ona, kisha kusema, na juzi akaniambia nijaribu kuimba, polepole, nione kilichopo. Nilingoja mpaka leo. Nilikuwa na woga kama wa mtihani.

Sina haja ya kukuzungusha. Ile ya zamani haipo. Niliingia kabatini kwa mazoea, nikafungua Shika Sauti, ikaniuliza mimi ni sauti ya ngapi. Nikabonyeza ya pili. Nikajisikia mwenyewe naanza, nami nikafungua mdomo nijifuate, na mstari wa kwanza tu nikabaki chini, sauti nzito, ina mchanga. Nikazima. Nikakaa humo kati ya nguo nikalia, sikufichi tena kitu. Nililia vizuri nikamaliza.

Kisha nikafungua tena, nikachagua "sijui sauti yangu". Ikanipigia mstari kwa sauti zote nne, ikaniambia niimbe ile isiyoniumiza. Nikajaribu zote. Sauti ya tatu haikuniuma. Nikaifuata kwa woga, kisha kwa woga kidogo, nikafika kwenye ule mstari mrefu, tukavuta pumzi pale ulipopaweka, nikaendelea mpaka mwisho. Ni sauti, wifi. Si ile, lakini inashika.

Sasa mwambie Fundi toleo lake la pili limefika huku leo, kitufe kipya chini kimeandikwa Pamoja. Nimekibonyeza. Zikalia zote nne kwa wakati mmoja, mshonaji juu, kaka yangu chini anakoroma, na katikati ni mimi, yule wa mwezi wa Machi, ninaimba sauti ya pili bila kujua litakalokuja. Nikamsikiliza kidogo. Kisha nikaingia na sauti ya tatu, nikaimba naye wimbo wote, mimi na mimi.

Hatukugongana hata mahali pamoja. Niandike sauti ya tatu.

Wifi yako